SOMO KWA WATUMISHI NA WAKAZI: KOMPYUTA INAYOZIMIKA GHAFLA KWA SABABU YA KIENDESHI CHA MTANDAO USIO NA WAYA

Utangulizi

Watumishi wa umma na wakazi wa Iringo, pamoja na wenzao wa Musoma, Bunda na Butiama, wanafahamishwa kwamba somo la safari hii linahusu kompyuta inayokatiza kazi ghafla, ikaonyesha skrini ya buluu yenye maandishi meupe, kisha ikajiwasha upya yenyewe. Hitilafu hiyo ina vyanzo vingi. Hapa tutashughulika na kimoja ambacho hujificha kuliko vingine, nacho ni kiendeshi kibovu cha adapta ya mtandao usio na waya, yaani Wi-Fi.

Somo hili si la mafundi peke yao. Siku hizi mwananchi anayetaka kulipia huduma ya Serikali hupewa kwanza namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wa kompyuta, na barua, taarifa na mishahara hupita katika mifumo ya namna hiyo hiyo. Kompyuta ya ofisi ikizimika mara tatu kwa siku, foleni husimama mara tatu, na aliyetoka mbali hurudi nyumbani mikono mitupu. Mtumishi aliye katika kisiwa kama Rukuba yumo katika dhiki zaidi, kwa kuwa fundi sharti avuke ziwa ndipo amfikie.

Hasara kubwa zaidi huja baadaye. Kompyuta huhukumiwa kuwa imekufa, ikawekwa stoo, na fedha zikatafutwa za kununua nyingine. Au hupelekwa kwa fundi anayefuta kila kitu kilichomo na kupanga programu upya, na kumbukumbu za miaka zikapotea. Yote hayo hufanyika ilhali mashine yenyewe ni nzima, na ubovu uko katika programu moja ndogo inayoweza kubadilishwa kwa muda mfupi. Kwa hiyo neno kuu la somo hili ni moja: usiihukumu mashine kabla hujasoma ujumbe wake na kumjaribu mshukiwa.

1. Kiendeshi ni nini

Kompyuta ina vifaa vingi: kibodi, skrini, diski, printa na adapta ya mtandao. Mfumo endeshi, kama vile Windows, haujui kuongea na kila kifaa cha kila kiwanda. Hivyo kiwanda hutoa programu ndogo iwe mkalimani kati ya mfumo na kifaa chake. Mkalimani huyo mafundi humwita draiva. Katika somo hili tutamwita kiendeshi.

Adapta ya Wi-Fi ni kifaa kinachopokea na kutuma mawimbi ya redio badala ya kutumia waya. Katika kompyuta ya mkononi adapta imo ndani. Katika kompyuta ya mezani mara nyingi huwa ni kipande kidogo kinachochomekwa katika tundu la USB. Popote ilipo, adapta haifanyi kazi bila kiendeshi chake.

Programu ya kawaida, kama ile ya kuandikia barua, hufanya kazi katika eneo lililozungushiwa uzio. Ikikosea, hufungwa peke yake na kompyuta huendelea. Viendeshi vingi vya Wi-Fi, kinyume chake, hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo, mahali penye mamlaka juu ya kumbukumbu yote ya kompyuta. Kosa likitokea hapo, mfumo hauna njia ya kujua kilichoharibika na kilichosalimika. Huchagua kusimamisha kazi zote papo hapo ili usiandike uharibifu huo katika diski. Skrini ya buluu, basi, ni kilio cha mfumo unaojikinga. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa na habari za kompyuta, lakini hali hii waliieleza barabara.

Adapta ya Wi-Fi ina mazingira magumu kuliko vifaa vingi. Hukatiza kazi ya kompyuta kila mara kuomba ihudumiwe, hulazwa na kuamshwa ili kutunza betri, na mtandao wake hupotea na kurudi mtu anapohama chumba. Kila badiliko la namna hiyo ni nafasi ya kiendeshi kukosea.

2. Mambo mawili ya kukumbukwa

Jambo la kwanza ni la hapa nchini. Mwaka 1965 Hazina ilifungiwa kompyuta ya kwanza ya Tanzania, ya aina ya ICT 1500, na mwaka 1968 ikaja nyingine ya ICL 1900. Mpango wa kuhamishia hesabu za Serikali katika mashine hizo ulishindwa, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Amri hiyo ililegezwa hatua kwa hatua katika miaka iliyofuata. Ofisi inayoitupa kompyuta nzima kwa kosa la programu moja hurudia hukumu ya namna ile, ingawa kwa kiwango kidogo.

Jambo la pili ni la dunia nzima. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya Marekani iitwayo CrowdStrike ilitoa sasisho lenye kosa kwa programu yake ya ulinzi, ambayo nayo huingia ndani ya kiini cha Windows. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 ziliathirika, ndege zilishindwa kuruka na hospitali zikaahirisha huduma. Hicho hakikuwa kiendeshi cha Wi-Fi, lakini njia ya ajali ilikuwa ile ile, na mashine zenyewe hazikuwa na ubovu wowote. Tiba katika kompyuta nyingi ilikuwa kuingia katika hali salama na kuondoa faili moja tu.

Tena, mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, waliandika kwamba katika Windows XP viendeshi vilikuwa chanzo cha asilimia 85 ya maanguko yaliyokuwa yameripotiwa karibuni. Mifumo imeboreshwa sana tangu wakati huo, lakini fundi makini bado huanza kwa kukishuku kiendeshi.

3. Kutofautisha dalili

Wengi wetu kompyuta ikizimika hulaumu umeme. Lawama hiyo huenda ikawa ya haki, lakini sharti ithibitishwe. Zingatia tofauti zifuatazo:

(a) Umeme: kompyuta hunyamaza mara moja bila ujumbe wowote, na taa zake zote huzima. Kompyuta ya mkononi yenye betri nzima haipaswi kuzimika hivyo umeme ukikatika.

(b) Joto: feni hulia kwa nguvu, mwili wa mashine huwa wa moto, kisha huzima bila maandishi. Vumbi lililoziba matundu ya hewa ni chanzo cha kawaida.

(c) Kumbukumbu ya RAM mbovu: skrini ya buluu hutokea, lakini ujumbe hubadilika kila siku, na mara nyingine programu zisizohusiana hujifunga ovyo.

(d) Kiendeshi cha Wi-Fi: ujumbe hujirudia, na ajali huambatana na tendo la mtandao, kama kujiunga na Wi-Fi, kutuma faili kubwa, au kuiamsha kompyuta baada ya kulala.

Angalizo: tangu mwaka 2025 matoleo mapya ya Windows 11 yamebadili rangi ya skrini hiyo kutoka buluu kuwa nyeusi. Mtumishi asidhani kwamba kila skrini nyeusi ni umeme. Atazame kama ina maandishi.

4. Kusoma ujumbe

Skrini hiyo hukaa muda mfupi, basi ipigwe picha kwa simu. Tafuta vitu viwili.

Cha kwanza ni jina la kosa. Majina matatu hukutwa sana pale kiendeshi kinapohusika. DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL maana yake kiendeshi kimegusa sehemu ya kumbukumbu ambayo hakikuruhusiwa kuigusa wakati ule. DPC_WATCHDOG_VIOLATION maana yake kazi iliyopaswa kumalizika upesi imeshikilia kompyuta kupita kiasi. DRIVER_POWER_STATE_FAILURE maana yake kiendeshi kimeshindwa kulala au kuamka pamoja na mfumo.

Cha pili ni jina la faili linaloishia kwa .sys, endapo limeonyeshwa. Viendeshi vya Wi-Fi vya Intel huanza kwa herufi Netwtw. Vya Realtek huanza kwa rtw au rtl. Vya Atheros kwa athw. Vya Broadcom kwa bcmwl. Na vya MediaTek kwa mtkwl. Ukiona mojawapo, umepata mshukiwa wa kwanza. Ukiona ndis.sys au tcpip.sys, fahamu kwamba hayo ni mafaili ya Windows yenyewe yanayobeba mawasiliano ya mtandao. Mara nyingi huwa yametajwa kwa sababu yalikuwapo mahali pa ajali, na mkosaji ni kiendeshi kilichopita humo.

Kama picha haikupatikana, ushahidi haujapotea. Fungua folda ya C:\Windows\Minidump uone kama kuna mafaili yenye tarehe ya ajali; yahifadhiwe kwa ajili ya fundi. Katika kitabu cha matukio cha Windows, kiitwacho Event Viewer, huenda ukakuta tukio la namba 41. Tukio hilo husema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kufungwa ipasavyo. Halisemi kwa nini. Kwa hiyo lisitumiwe peke yake kuhukumu umeme au kiendeshi.

5. Kumjaribu mshukiwa

Ushahidi wa maandishi hautoshi. Zima Wi-Fi kabisa, na kama adapta ni ya USB, ichomoe. Unganisha kompyuta kwa waya wa mtandao, au fanya kazi zisizohitaji mtandao. Endelea hivyo kwa muda mrefu kuliko ule ambao kompyuta ilizoea kustahimili bila kuzimika.

Tuseme karani wa ofisi mojawapo ameandika daftarini kwamba kompyuta yake huzimika kati ya mara mbili na nne kila siku. Anafanya kazi siku tatu kwa waya na haizimiki hata mara moja. Siku ya nne anawasha Wi-Fi, na kabla ya saa sita mchana skrini ya buluu inarudi. Karani huyo sasa ana ushahidi unaotosha kuanza matengenezo, na hakutumia hata shilingi moja. Lakini kama kompyuta ingezimika vile vile wakati iko kwenye waya, angepaswa kumwacha mshukiwa huyu na kupima RAM, joto na diski.

Badili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Anayebadili kiendeshi, akafuta programu ya kuzuia virusi na kununua betri siku hiyo hiyo, huenda akapona, lakini hatajua dawa ilikuwa ipi.

6. Matengenezo

Kabla ya kuanza, mambo mawili ni ya lazima. Kwanza, nakili kumbukumbu zote muhimu nje ya kompyuta. Pili, pata kiendeshi kizuri mkononi, kwa maana ukiondoa kiendeshi cha Wi-Fi kompyuta inakosa mtandao wa kukutafutia kingine. Kipakue kwa kompyuta nyingine kutoka kwa kiwanda kilichotengeneza kompyuta au adapta, ukiweke katika flashi. Kisha fuata utaratibu huu:

(a) Fungua orodha ya vifaa iitwayo Device Manager, nenda kwenye fungu la adapta za mtandao, na ufungue sifa za adapta ya Wi-Fi. Katika ukurasa wa kiendeshi, andika namba ya toleo na tarehe yake.

(b) Kama hitilafu ilianza baada ya sasisho, bonyeza palipoandikwa Roll Back Driver ili kurudisha kiendeshi cha awali. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, hakuna cha awali kilichohifadhiwa.

(c) Kama hitilafu ni ya siku nyingi na kiendeshi ni cha zamani, weka kipya ulicholeta. Ikibidi kuondoa cha zamani, chagua Uninstall device na uweke alama katika kisanduku cha kufuta kiendeshi, la sivyo Windows hukirudisha kile kile.

(d) Kama kompyuta huzimika inapoamka, nenda kwenye ukurasa wa umeme wa adapta hiyo na uondoe alama inayoiruhusu kompyuta kuzima kifaa ili kuokoa umeme.

(e) Kama kompyuta haidumu hata kufika hapo, iingize katika hali salama. Shikilia kitufe cha Shift huku ukichagua kuwasha upya, kisha fuata Troubleshoot, Advanced options na Startup Settings, na baada ya kuwaka tena bonyeza namba 4. Katika hali hiyo kiendeshi cha Wi-Fi hakipakiwi, na utaweza kukiondoa kwa utulivu.

(f) Ikiwa hakuna fursa ya kutengeneza siku hiyo, chagua Disable kwa adapta hiyo na utumie waya. Huduma kwa wananchi itaendelea wakati tiba inatafutwa.

Kompyuta nyingi za ofisi hufungwa diski zake kwa BitLocker. Mfumo unaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48 unapoingia katika hali salama. Asiye na ufunguo huo asianze. Amwone kwanza msimamizi wa kompyuta wa ofisi yake.

Msimamizi naye anashauriwa kutunza akiba ya viendeshi vya kila aina ya kompyuta aliyonayo. Akiwa na mamlaka ya msimamizi, aandae folda tupu katika flashi na kutumia amri ya pnputil /export-driver * ikifuatwa na jina la folda hiyo. Viendeshi vilivyoongezwa katika kompyuta vitanakiliwa humo. Ikiwa kiendeshi kibovu hurudishwa na sasisho la Windows kila kinapoondolewa, azuie viendeshi visije pamoja na masasisho katika kompyuta hiyo, akikumbuka kwamba masasisho ya usalama sharti yaendelee.

7. Tahadhari

Kiendeshi kina mamlaka ndani ya kiini cha mfumo. Kwa hiyo anayekubali kiendeshi kutoka kwa mtu asiyemjua amemkabidhi mtu huyo funguo za nyumba nzima. Programu zinazojitangaza kwamba zitasasisha viendeshi vyote kwa mkupuo ziepukwe.

Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama bila malipo tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi na watu binafsi wanaohamia Windows 11 katika kompyuta za zamani wanakumbushwa kuhakikisha kwanza kwamba kiwanda kimetoa kiendeshi cha Wi-Fi kinachofaa toleo hilo. Adapta ambayo kiwanda chake kimeiacha haina tiba ya kudumu. Badala ya kununua kompyuta nyingine, inunuliwe adapta ya USB, ambayo ni sehemu ndogo ya bei ya kompyuta.

Mwisho, kompyuta ya ofisi ina majina, anwani na habari za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa hizo azilinde. Haifai kuiacha kompyuta ya umma kwenye meza ya fundi wa mtaani usiku kucha pasipo idhini na pasipo maandishi ya makabidhiano.

8. Hitimisho

Kila ofisi inaombwa kuweka daftari moja la hitilafu za kompyuta, lenye tarehe, saa, kazi iliyokuwa ikifanyika, maneno ya skrini, toleo la kiendeshi na hatua iliyochukuliwa. Daftari la kurasa chache litamwezesha fundi kujua kwa dakika kumi yale ambayo angeyatafuta kwa siku mbili, na litamsaidia mtumishi mpya anayerithi mashine hiyo. Wakazi wenye kompyuta majumbani na madukani wanashauriwa kufanya vivyo hivyo.

Iwapo hatua zote zimefuatwa na kompyuta bado inazimika, ipelekwe kwa mtaalamu pamoja na daftari hilo na picha za skrini. Na pasiwepo kompyuta itakayoingizwa katika orodha ya mali mbovu kabla haijajaribiwa bila Wi-Fi yake.

Watumishi wanaombwa kulibandika somo hili mahali ambapo kila mwenye kutumia kompyuta ataliona.